Jibu Lako au Lao

Swali la kwanza kabisa katika kitabu kile lilikuwa na picha nne: nyundo, msumeno, koleo na msumari. Chini yake wameandika, "Kipi hakifai kuwa pamoja na vingine?" Nikamsogezea mtoto wa kaka yangu kitabu, nikakaa vizuri kwenye kochi ambalo lilikuwa bado halijavishwa kitambaa, nikajiandaa kufurahi.

"Koleo," akasema.

Nikafunua kurasa za nyuma zenye majibu. Msumari.

"Fikiri tena."

"Nimeshafikiri, shangazi. Msumeno unakata, nyundo inagongomea, msumari unashika. Vyote vinasogeza kazi mbele. Koleo ndilo linaloirudisha nyuma. Baba akishika koleo ang'oe msumari, ujue kuna kitu kimekosewa."

Kaka yangu alikuwa ameinama upande wa pili wa karakana, anavuta mikanda ya chini ya kochi la mteja. Akacheka na stepla mkononi. Mimi sikucheka.

"Jibu ni msumari," nikasema. "Vile vingine ni vifaa vya kazi. Msumari si kifaa."

"Kwa hiyo msumari haufanyi kazi?"

"Sijasema haufanyi kazi."

"Maana nyundo inafanya kazi kidogo tu, halafu inarudi sandukuni kulala. Msumari ukishaingia kazini hautoki tena mpaka kochi life."

"Wewe mtoto!"

"Nauliza tu, shangazi."

Ndiyo maana tulimwita Wakili. Jina lake la shule alikuwa nalo, lakini nyumbani na karakanani hakuna aliyelitumia, hata wateja. Alianza kubishana kabla meno hayajamtoka yote. Ukimwambia lala, anataka kujua kwa nini usingizi upangiwe saa na mtu asiye na usingizi huo. Mama yake, wifi yangu, anafanya kazi ya ufuaji hospitalini, anatoka alfajiri na kurudi mgongo unamuuma, hana nguvu za kubishana na mtu. Kaka yangu ni mpole, ukimkanyaga yeye ndiye anayeomba radhi. Basi kazi ya kupambana na Wakili ikaniangukia mimi, shangazi mtu, ambaye hushona foronya na vitambaa vya makochi pale pale karakanani na ambaye mdomo haunilali.

Ile shule aliitaka mwenyewe. Hilo naomba lieleweke, maana baadaye nimesikia maneno mengi. Hakuna aliyemlazimisha. Siku moja redio ilikuwa inasema peke yake kwenye rafu ya gundi, wakawekwa hewani wanafunzi wa shule ile yenye ukuta wa mawe, wanafanya mdahalo. Msichana mmoja anasema hivi, mwenzake anampinga, mwingine anasimama anawapinga wote wawili, na mwalimu wao badala ya kuwachapa anasema vizuri sana. Wakili aliacha kukunja kitambaa. Akakaa juu ya rundo la sponji, akaanza kubishana na redio. Kipindi kilipokwisha akaniuliza, "Shangazi, kuna shule ambayo mtu anapewa alama kwa kubisha?"

"Ndiyo hiyo," nikamwambia.

"Basi mimi nitakwenda hiyo."

Shule yenyewe huwezi kuingia kwa kutaka. Inachukua watoto wachache tu kutoka mji mzima, bila ada, na lazima wafanye mtihani wao wenyewe, mbali na ule wa kumaliza shule ya msingi, kisha wanaofaulu huitwa kwenye usaili. Karatasi ya kwanza hesabu, ya pili lugha, na ya tatu inaitwa Uwezo wa Kufikiri. Hesabu na lugha hazikunitia wasiwasi. Ile ya tatu ndiyo iliyoninyima raha.

Nikaenda kwa mwalimu wake wa darasa. "Hiyo sisi hatuifundishi, mama," akaniambia huku anafuta ubao. "Hiyo inapima akili ya kuzaliwa."

Nikaenda ofisi ya elimu. Nikapigwa danadana kutoka chumba hadi chumba mpaka nikafika kwa bwana mmoja aliyekaa nyuma ya kioo, ambaye alinisikiliza kwa sikio moja kwa sababu la pili lilikuwa na simu.

"Mtihani huo hausomewi," akasema.

"Sasa mtoto ajiandae vipi?"

"Asijiandae. Awahi kulala."

Nilitoka pale mori umenipanda. Na hapo hapo, mlangoni kwa ofisi hiyo hiyo, nje kidogo ya ngazi, kuna meza ya vitabu, na juu kabisa kimepangwa kitabu kipya kinang'aa: Mazoezi ya Karatasi ya Tatu, Pamoja na Majibu. Nikamuuliza muuzaji, kama mtihani hausomewi, hiki ni nini? Akaniambia, "Mama, mimi nauza tu." Nikakichukua. Ningefanyaje?

Ndicho hicho chenye nyundo na koleo.

Jioni zile za mwanzo zilikuwa vita. Swali likisema, "Mvua na mwavuli ni kama jua na nini?" chini yake yapo majibu ya kuchagua: joto, kofia, pazia, mchana. Kitabu kinataka kofia. Wakili anasema pazia, kwa sababu jua halimdhuru mtu kama linavyodhuru kitambaa, na kila mteja anayeleta kochi lililopauka baba humwambia atundike pazia, hajawahi kumwambia mtu alivishe kochi kofia. Swali likisema, fundi mmoja anamaliza kochi kwa siku tatu, mafundi watatu watalimaliza kwa siku ngapi? Kitabu kinasema siku moja. Wakili anasema haiwezekani.

"Hesabu inasema moja!"

"Hesabu haijawahi kugusa gundi, shangazi. Gundi inataka ilale ndipo ikauke. Haijali kama tuko wengi."

"Kweli hiyo," akasema kaka yangu kutoka chini ya kochi.

"Wewe nyamaza!" nikamwambia. "Unamharibu mtoto."

Ukitaka kujua uchungu wangu ulikuwa wapi, ulikuwa hapo. Alikuwa na akili, kila mtu aliona, na ile akili ndiyo iliyokuwa inamkosesha. Tukisahihisha tunakuta makosa yamejaa ukurasa, na kila kosa lina hoja. Ningefurahi zaidi kama angekuwa hajui. Asiyejua unamfundisha. Huyu ungemfanya nini?

Ndipo wazazi wenzangu wakaning'ata sikio kuhusu Daktari. Hakuwa daktari wa kudunga mtu sindano. Alikuwa kijana mmoja aliyesoma shule ile ile, anafundisha watoto kwenye chumba kilicho nyuma ya duka la fotokopi, na wazazi walimwita hivyo kwa kuwa mtoto aliyeshindikana ndiye aliyepelekwa kwake. Nikampeleka Wakili. Daktari akampa maswali, akasoma majibu yake, akasikiliza hoja zake za gundi na mapazia bila kumkatiza. Kisha akaweka kalamu chini.

"Una akili sana," akamwambia. "Na hutapita."

Wakili akanitazama. Mimi nikamtazama Daktari.

"Kwa sababu unajibu swali," akaendelea. "Usijibu swali. Nyuma ya kila swali kuna mtu aliyelitunga, amekaa ofisini kwake, ana jibu lake tayari. Kazi yako ni kumjua huyo mtu. Ukiona majibu mawili yanafaa, jiulize, hili ni jibu langu au lao? Lako liache nyumbani. Waandikie lao. Na ukifika kwenye usaili ni hivyo hivyo, ila kule una bahati, kwa sababu mtu mwenyewe unamwona. Tazama uso wake, utakwambia."

Nilitoka pale nimepona. Nasema kweli, ilikuwa kama mtu amenivua kiatu kinachobana. Kumbe hivyo tu! Kumbe mtihani ni watu! Tangu siku ile neno likawa hilo moja ndani ya karakana. Wakili akisema pazia, namwambia, "Lako au lao?" Anafikiri, anasema kofia. Akisema gundi, "Lako au lao?" Anasema siku moja. Kwanza alikuwa akijibu kwa hasira, halafu kwa kicheko, kisha akawa anajiuliza mwenyewe kimoyomoyo, midomo inatikisika, na anaandika jibu sahihi bila kuniambia lile lingine lilikuwa lipi.

Akapata njia yake pia. Nikimwuliza kwa mdomo, anapitisha kidole polepole juu ya majibu, moja baada ya jingine, huku macho yake yako usoni kwangu. Kidole kikifika mahali anasimama. Anapata karibu kila mara. Siku ya kwanza nilipogundua anachofanya, nilimkumbatia.

"Sasa umeanza kuelewa," nikamwambia.

Kaka yangu ndiye aliyeleta neno. Alingoja mpaka mtoto ametoka kwenda kumpokea mama yake kituoni.

"Dada, Wakili amenyamaza."

"Amenyamaza anasoma."

"Leo yule mteja wa kochi linalolia amekuja. Nikamwita Wakili anisikilizie, unajua yeye hukaa akajitikisa, akaniambia ni springi au ni mbao. Amekaa. Nikamwuliza, unaonaje? Ameniuliza mteja yeye anasemaje."

"Ni adabu hiyo."

"Mteja anasema springi. Wakili akasema basi ni springi. Nimefungua, dada, nimetoa kitambaa chote. Ni mbao."

"Sasa unataka aje afungue makochi na wewe maisha yake yote?" Nilimfokea, najua nilimfokea. "Mtoto ana mtihani. Akishaingia atabisha mpaka achoke, wenyewe watampa alama. Kwa sasa mwache ajue wanachotaka wao."

Akarudi kwenye kochi lake. Hana maneno mengi, na mimi nilikuwa nayo ya kututosha wote wawili.

Siku ya mtihani tulisimama nje ya lango pamoja na wazazi wengine, kila mmoja na uzushi wake. Huyu amesikia mwaka huu wanakata alama kwa jibu la kukosea, yule amesikia wanawapendelea wenye mwandiko mzuri, mama mmoja anaapa kwamba karatasi zinasomwa na mashine, na mwingine anamwuliza mashine itajuaje mwandiko. Hakuna aliyejua kitu. Watu wazima tumejazana juani tunakisia, na watoto wako ndani wanapimwa kufikiri.

Wakili alitoka ametulia.

"Vipi?" nikamwuliza.

"Nimewaandikia yao," akasema.

Na akapita. Jina lake lilibandikwa langoni pamoja na wale walioitwa kwenye usaili, na wifi yangu aliyeliona kwanza alipiga kigelegele peke yake barabarani bila haya, na sare ya kazi mwilini. Kaka yangu alifunga karakana mchana, jambo ambalo halifanyi hata akiugua. Mimi nilikwenda kumshukuru Daktari. Nilitembea kichwa juu. Wote waliosema hausomewi, haufundishiki, ni wa kuzaliwa, niliwapita pale ofisini kwao makusudi.

Usaili ulikuwa na utaratibu wake: mtoto anaingia na mkubwa mmoja, mkubwa anakaa kwenye kiti karibu na mlango na haruhusiwi kufungua mdomo. Nilionywa mara ya kwanza na karani, mara ya pili na mwalimu aliyetufungulia. Nadhani uso wangu ulinitangulia.

Ndani walikuwa watatu. Mwalimu mkuu, mwanamke wa makamo mwenye miwani aliyoisukumia kwenye nywele, na walimu wawili pembeni yake. Hawakumweka Wakili kwenye kiti cha kawaida. Walimwambia akae kwenye kochi la wageni.

Kochi lile! Nilipoliona nilitaka kucheka. Kitambaa chake kilikuwa na picha za ndege, na aliyelishona alikuwa ameugeuza mto mmoja, ndege wote wa upande ule wamekaa miguu juu vichwa chini. Pini zimetokeza ubavuni. Na Wakili alipokaa, mkono wa kochi ukasogea. Nikamwona anaubonyeza kwa kidole gumba, mara moja tu, vile vile anavyofanya baba yake. Ameshajua. Ameshajua wapi limeoza, na nani amelishona kwa haraka, na lingetengenezwa vipi.

Wakamwuliza habari za shule yake, akajibu vizuri. Wakamwuliza kwa nini anataka kuja hapa.

"Kwa sababu shule hii ina nidhamu na matokeo mazuri," akasema.

Ni jibu tulilolifanyia mazoezi. Sikulipenda nilipolisikia mle ndani, sijui kwa nini. Mwalimu mkuu akaandika kidogo, akashusha miwani, akatabasamu.

"Sasa hebu tazama chumba hiki," akasema. "Kama kingekuwa chako, ungebadilisha nini?"

Nilishika kiti changu kwa mikono miwili nisije nikasimama. Hata ningekaa mwaka mzima kumtungia Wakili swali, nisingetunga zuri kuliko lile. Amekalia jibu! Mto mzima wa ndege miguu juu, na ni mtoto wa fundi makochi, na ni Wakili, ambaye akiingia nyumba ya watu hajakaribishwa maji ameshawaambia kochi lao linahitaji mikanda mipya.

Wakili hakutazama chumba. Alimtazama mwalimu mkuu. Alimtazama machoni, akamtazama mdomoni, akawapitia na wale wengine wawili, polepole, mmoja baada ya mwingine. Nikajua anachokifanya.

"Nisingebadilisha kitu, mwalimu," akasema. "Ni chumba kizuri."

"Hakuna kabisa?"

"Hakuna, mwalimu."

Mwalimu mkuu akasogeza kiti mbele. Hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. "Sikiliza, mwanangu. Hapa hakuna jibu la kukosea. Hatuna jibu tulilolificha. Tunataka tu kujua wewe unaona nini."

Hapo Wakili alichanganyikiwa. Nilimwona. Mtu amefundishwa kwamba nyuma ya kila swali kuna mwenye jibu, kisha mwenyewe anamwambia hana. Aligeuka kunitazama mimi. Nikakodoa macho kuelekea kwenye kochi, nikainua nyusi mpaka paji la uso likauma, na mwalimu wa pembeni akasema, "Mama, tafadhali." Nikainamisha kichwa.

"Naona ni kizuri," akasema Wakili tena, kwa sauti ndogo.

Yule mwalimu wa tatu, kijana, akajaribu kumsaidia. "Basi tuambie kitu kimoja tu usichokubaliana nacho. Chochote. Kitu watu wanasema na wewe unaona si kweli."

Karakana nzima ilinipita kichwani. Msumari ukishaingia kazini hautoki. Gundi haijali kama tuko wengi. Usingizi wa mtu kupangiwa saa na asiye na usingizi huo. Sema, mtoto. Nilisema hivyo moyoni kwa nguvu kiasi kwamba nilishangaa hawakunisikia. Sema chochote!

"Hakuna, mwalimu," akasema.

Wakamshukuru. Mwalimu mkuu alimpa mkono, naye akanyanyuka kwa uangalifu, akiushika ule mkono wa kochi usianguke.

Njiani nilijikaza kisabuni mpaka tulipovuka barabara. Kisha nikashindwa.

"Lile kochi uliliona?"

"Nililiona."

"Na wale ndege?"

"Niliwaona, shangazi. Na mkono wa kulia mbao yake imepasuka kwa ndani, hata wakiugongomea hautashika. Inabidi wabadilishe yote."

"Sasa kwa nini hukusema? Mtu amekuuliza kwa mdomo wake, ungebadilisha nini!"

Alinishangaa. Alinishangaa kwa dhati, kama mtu anayeulizwa kwa nini amefunga mlango baada ya kuambiwa afunge.

"Hilo lilikuwa langu," akasema. "Lao sikuliona. Nilitafuta, shangazi. Niliwatazama wote, hawakuwa na kitu usoni."

Nikamshika mkono, tukaenda mpaka nyumbani.

Barua ilikuja ikiwa fupi na yenye heshima. Mtoto ana bidii na alama zake ni nzuri, lakini nafasi ni chache, na wao wanatafuta watoto wenye fikra zao wenyewe. Niliisoma nimesimama. Nikaisoma tena kwa sauti ili kaka yangu na wifi waisikie, halafu nikaanza. Fikra zao wenyewe! Nani aliyeandika kwamba koleo ni kosa? Nani aliyetaka kofia? Mtoto amekwenda na fikra zake kibao, mkampa makosa ukurasa mzima, akazificha ili mumfungulie mlango, na mkishamfungulia mnamwuliza kaziweka wapi! Niliwasema walimu, nikamsema bwana wa nyuma ya kioo, nikamsema muuza vitabu, nikamsema Daktari na fotokopi zake. Wifi yangu alikuwa amekaa ameshika kichwa, machozi yanamtoka kimya kimya, na alipopata nafasi aliniambia, "Basi, wifi. Basi." Lakini nilikuwa siwezi kunyamaza, kwa sababu nikinyamaza kuna jambo jingine lingenijia, na sikutaka lije.

Wakili hakulia. Alichukua barua, akaisoma, akaikunja vizuri alivyoikuta. "Walitaka hivyo?" akauliza. "Si wangesema."

Akarudi kukunja vitambaa. Redio ilikuwa inasema kwenye rafu, watu wanajadiliana kitu fulani, mmoja anasema upuuzi wa wazi kabisa. Nikamtazama Wakili. Mikono yake iliendelea kukunja.

Kaka yangu hakunilaumu hata kwa neno moja. Bora angenilaumu. Alikwenda pembeni akaanza kung'oa pini za kochi kuukuu kwa koleo. Jioni ile, wifi alipokwenda kupika, nikashindwa kuvumilia. Nikakitoa kile kitabu kilikokuwa chini ya sponji, nikamwita Wakili akae karibu yangu kwenye kochi lisilovishwa, nikamfunulia ukurasa wa kwanza. Picha zile zile nne.

"Tuache mtihani," nikamwambia. "Mtihani umekwisha. Nakuuliza mimi shangazi yako, tunacheza tu. Kipi hakifai kuwa pamoja na vingine?"

"Lao?"

"Lako. Lako wewe."

Kaka yangu aliacha kung'oa pini. Wakili akaweka kidole juu ya nyundo. Akakaa hapo kidogo, akasogea kwenye msumeno, halafu kwenye koleo, halafu kwenye msumari, akarudi. Kidole kikasimama.

"Koleo," akasema.

Nilitaka kumkumbatia. Kaka yangu alikuwa ameshaanza kucheka kwa furaha kule pembeni. "Eeh!" nikasema. "Haya, niambie kwa nini. Nibishie, Wakili. Kwa nini koleo?"

Ndipo nikaona kwamba hakuwa akitazama picha. Macho yake yalikuwa usoni kwangu, yametulia, yanasoma.

"Umetabasamu nilipoligusa," akasema.